Jinsi ya kuangalia Neptune Frost na muvi za aina yake ukazifurahia hata kama stori haieleweki: mwongozo kamili

Kuna muvi ambazo zikifika dakika ya 10 tu watu wanaanza kuulizana, huyu ndo nani, si alishakufa, hapa ni ndoto au ni kweli, alafu mmoja ananyanyuka kwenda kuchaji simu na harudi tena. Neptune Frost ni moja ya hizo na mimi naipenda sana, naiona ni kati ya filamu nzuri kabisa zilizowahi kupigwa kwenye ukanda huu wetu wa maziwa makuu, ndo maana inaniuma nikisikia mtu kaizima katikati akasema sijaelewa kitu. Kutoelewa stori mwanzoni siyo tatizo lako wala siyo kwamba hujasoma, filamu yenyewe imejengwa hivyo makusudi, na ipo namna ya kuiangalia mpaka ukatoka umeshiba. Namna hiyo ndo naiandika hapa, na ukishaizoea utaitumia kwa filamu yoyote ile inayokwenda kindotondoto.

Kwa asiyeijua, ni filamu ya muziki iliyopigwa Rwanda, waongozaji wawili, Anisia Uzeyman ambaye ni Mnyarwanda na ndiye aliyeshika kamera pia, na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Inachukua kama saa 1 na dakika 45. Ndani wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yani wanaruka kutoka lugha moja kwenda nyingine ndani ya maongezi yaleyale, kitu ambacho mtu aliyewahi kukaa Bujumbura au Goma hatashangaa hata kidogo.

Stori yake ukiibana inakuwa hivi: kijana anayechimba koltani anakimbia mgodi baada ya kaka yake kuuliwa, mtu mwingine anaitwa Neptune naye anakimbia kwao, wanakuja kukutana kwenye kijiji cha mahaka, yani wadukuzi wa mitandao, kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na wakikutana hawa wawili mtandao wa dunia unaanza kutikisika. Basi. Zaidi ya hapo usitafute muhtasari popote, na nitaeleza kwanini.

Kwanini tunakwama na muvi za hivi

Hii naiweka mwanzo kwasababu ukiielewa nusu ya kazi imeisha. Wengi wetu tumekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa, Tanzania watu walikua na sauti ya Lufufu, Kenya kuna DJ Afro, Uganda wana mavijee wao, na kazi ya yule jamaa ilikua kukwambia kila kitu, huyu ndo staring, huyu ndo adui, hapa anamtegea, subiri uone. Ni sanaa kubwa ile na inahitaji kipaji. Ila inakuzoesha kwamba kila picha ina maelezo na maelezo yanakuja papohapo. Sasa ukiikuta filamu ambayo hakuna anayekueleza, na yenyewe haijielezi, akili inaanza kutafuta yule msimuliaji na ikimkosa inakasirika.

Dawa ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza inamaanisha nini, uliza naona nini na nasikia nini sasa hivi. Ukumbini kwenye taarabu mtu ananyanyuka anatunza na kucheza wimbo mzima wakati bado hajajua fumbo limerushwa kwa nani, akishafika nyumbani ndo anakaa kulifumbua na wenzake. Kaa hivyohivyo mbele ya filamu hii. Na aliyewahi kusoma riwaya ya Nagona ya Kezilahabi, ile ya 1990, anajua kabisa kwamba hata kwa Kiswahili tunayo maandishi ambayo ukiyalazimisha yanyooke yanakukimbia, ukiyafuata taratibu yanakupeleka mahali.

Hatua ya 1: mahali, muda na sauti

Usiiangalie kwenye simu kwenye daladala. Najua wengi tunaangalia kila kitu kwenye simu na bando lenyewe ndo hilo, ila hii ni filamu ambayo nusu ya raha iko kwenye rangi za usiku, mle ndani kuna buluu na zambarau na taa ndogondogo ambazo kwenye skrini ya simu juani zinageuka giza tupu. Tumia TV, au laptopu, au kama kuna mtu ana projekta muombe na shuka jeupe. Zima taa. Kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha ishushe kabisa kwenye mashine kabla, usistrimu, maana kukatikakatika kunaua filamu hii kuliko nyingine yoyote, kwenye muvi ya mapigano ukikosa dakika 2 unaunga tu, hapa ukitolewa kwenye ile hali kurudi ni shughuli.

Sauti ndo kubwa zaidi. Spika za laptopu hazitoshi, chomeka hedifoni nzuri au spika yenye besi, kwasababu ngoma za humu ndani zinafanya kazi ya maneno, kuna sehemu hakuna mtu anayeongea na bado unaelewa kila kitu kupitia ngoma.

Muda: usiku, umeshakula, simu iko chumba kingine. Usiianze saa 5 usiku umechoka. Na watoto wasiwepo, mapema tu kuna kiongozi wa dini anayejaribu kumbaka mtu, na kuna mauaji.

Watu wa kuangalia nao, 2 au 3 wanatosha. Kubalianeni kabla kwamba hakuna kuuliza maswali kwa sauti mpaka mwisho. Hii sheria inaonekana ndogo ila ndo inayookoa usiku, maana mtu mmoja akianza "huyu si yule" basi wote mnaingia kwenye kutatua chemsha bongo na picha zinapita.

Hatua ya 2: jua mambo matatu, mengine yaache

Usisome makala za kufafanua kabla. Wala usiangalie zile video za mwisho wake umefafanuliwa. Ukizisoma utaingia na maelezo ya mtu mwingine kichwani na kazi yako itakua kuhakiki tu kama alisema kweli. Ila mambo haya matatu yajue, siyo siri za stori, ni ardhi ambayo stori imesimama juu yake.

La kwanza ni koltani. Ni yale mawe meusi yanayotolewa Kongo mashariki na Rwanda, yakisafishwa yanatoa tantalamu, na tantalamu inaenda kwenye kapasita, kidude kidogo sana kinachotunza chaji ndani ya simu na kompyuta. Mgodi unaosikika sana kwenye habari ni Rubaya, kule Masisi, Kivu Kaskazini, ambao waasi wa M23 waliuchukua mwaka 2024. Wachimbaji wengi ni vijana wenye sururu na koleo na mikono yao. Kwahiyo ukiona kwenye filamu mtu kavaa vyuma vya kompyuta huku nyuma yake kuna shimo la mgodi, hawajaunganisha vitu viwili vya ajabu kwa kujionyesha, ni kitu kimoja kimeonyeshwa mwanzo wake na mwisho wake kwa pamoja.

La pili ni Burundi 2015. Mwezi wa 4 watu wa Bujumbura waliingia barabarani kupinga Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, mwezi wa 5 kukawa na jaribio la mapinduzi likashindwa, redio binafsi zikachomwa na kufungwa, na watu kwa maelfu wakakimbia nchi. Sisi wa Kigoma tuliwaona wakishuka Kagunga wanasubiri meli, wengi wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengine wakaenda Rwanda. Filamu hii ilipangwa ipigwe Burundi, ikashindikana kwa hali ile, ikahamia Rwanda, na kati ya wasanii unaowaona humo wamo Warundi waliokua ukimbizini. Kwahiyo wanafunzi wanaopiga kelele ndani ya filamu, na ile dola inayoitwa Mamlaka tu bila jina la nchi, ina historia nyuma yake, hata kama hakuna atakayekutajia.

La tatu ni la kiufundi na litakuokoa: Neptune anachezwa na watu wawili. Mwanzoni ni Elvis Ngabo, baadae ni Cheryl Isheja. Neptune ni huntha, yani mtu aliyezaliwa na jinsia mbili, na mwili unabadilika njiani. Hakuna sehemu wanasimama kukutangazia. Watu wengi wanapotelea hapo, wanadhani ameingia mhusika mpya na yule wa kwanza kasahauliwa, na kuanzia hapo kila kitu kinawachanganya. Wewe sasa unajua, endelea kwa amani.

Hatua ya 3: pasha na fupi

Kama hujawahi kabisa kuangalia filamu ya hivi usianze na ya saa nzima na ushee. Anza na Un Chien Andalou ya Luis Buñuel na Salvador Dalí, ya mwaka 1929, haifiki hata nusu saa, haina maongezi. Mwanzoni kabisa kuna jicho linakatwa na wembe kwahiyo jiandae au fumba macho. Nakupeleka huko kwasababu Buñuel mwenyewe alieleza walivyoiandika, walikubaliana kwamba picha yoyote ambayo inaweza kupewa maelezo ya kiakili wanaitupa. Yani waliofanya kazi ile hawakuficha jibu mahali popote. Ukiiangalia ukijua hivyo unajikuta umeacha kutafuta, na ile hali ya kuacha kutafuta ndo unayotaka kuizoea.

Alafu kama una usiku mwingine wa ziada weka Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, Senegal, 1973. Hii ina stori nyepesi, Mory na Anta wanataka kwenda Paris na hawana hela, ila inakatwakatwa ovyo kwa uzuri, pikipiki ina pembe za ng'ombe mbele, na wimbo wa Josephine Baker unaoimba Paris unarudi na kurudi mpaka unaanza kukuumiza. Mwanzo wake uko machinjioni na ni machinjio ya kweli, asiyependa damu ajue. Mimi naona hii ndo daraja zuri kabisa kwa mtu wa Afrika kuingia kwenye filamu za kindoto, kwasababu hamu ile ya kuondoka kila mtu anaijua.

Hatua ya 4: nusu saa ya kwanza, fuata vitu siyo stori

Chukua karatasi na kalamu, siyo simu. Kila unapoona kitu kimekugusa andika neno moja, jina la kitu tu. Jiwe. Ngoma. Waya. Kilemba. Usiandike maoni wala usiandike maana. Mwisho wa filamu utakua na maneno kama 20 hivi na hayo ndo yatakua stori yako kabla ya stori yao.

Nikuonyeshe kwa tukio moja linalokuja mapema, la mgodini. Watu wanachimba kwenye mlima uliokatwa wazi, vumbi, jua, walinzi wenye bunduki wamesimama juu. Humohumo ndani ya shimo kuna watu wanapiga ngoma, na sururu na ngoma zinakwenda pamoja. Kijana mmoja, Tekno, anaokota jiwe la koltani, anaacha kufanya kazi, analinyanyua analitazama. Anakaa nalo. Mlinzi anakuja anampiga na kitako cha bunduki, anakufa pale. Ndugu yake Matalusa anamkumbatia analia, na amri inatoka watu warudi kazini, na ngoma zinarudi.

Sasa mtu anayewinda stori atatoka hapo na sentensi moja, kaka yake kauliwa, na mbona hawa wapiga ngoma wako mgodini, haiwezekani. Aliyefuata vitu atakua ameona kwamba kosa la yule kijana lilikua ni kutazama. Alisimama akatazama kitu anachokichimba kila siku, basi. Na ngoma ambayo dakika moja iliyopita ulidhani ni burudani ya wachimbaji sasa inasikika kama amri, mdundo ni uleule. Hakuna aliyekuambia hayo kwa mdomo. Ukishalipata tukio hili hivyo, filamu nzima imeshakufungukia mlango, maana kuanzia hapo kila mtu ndani yake anapigania kitu hichohicho, nafasi ya kusimama na kutazama.

Kwahiyo macho yawe kwenye mikono inashika nini, nani anatazama nani, na kitu gani kimerudi. Kurudi ndo muhimu sana. Kwenye filamu za hivi kitu kikija mara ya 2 kiwekee alama, mara ya 3 ujue hapo ndo wanaongea na wewe. Kuna salamu moja wanapeana watu wa kijiji kile, utaisikia mwanzo utaona ni maneno tu ya ajabu, ifuate, angalia nani anaisema na kwa nani na lini.

Na nguo jamani. Aliyezibuni ni Cedric Mizero, msanii wa Rwanda, na ametumia taka za elektroniki, kuna koti limejaa vitufe vya kibodi, kuna nyaya zimekua mapambo ya kichwani na usoni. Usiziangalie kama mitindo tu. Jiulize kila kipande kilikua nini kabla hakijatupwa na kilisafiri kutoka wapi mpaka kikaishia pale. Hiyo peke yake inatosha kukuweka macho dakika 20 hata kama stori imekupotea kabisa.

Majina nayo usiyapite. Kuna mtu anaitwa Memory, kuna Psychology, kuna Innocent. Jina la Matalusa linacheza na la Martin Luther King, lisikilize likiimbwa utalinasa.

Hatua ya 5: katikati, pale utakapotaka kuzima

Itafika. Kwa wengi ni pale wakishafika kijijini kwa mahaka, mwendo unapungua, watu wanaongea kwa mashairi, nyimbo zinafuatana, kuna wimbo mmoja wanamtukana Google waziwazi. Hapa jitofautishie vitu viwili. Kuchanganyikiwa ni pale unapotaka kujua zaidi, huko kaa, hakuna shida. Kuboeka ni pale macho yanaenda kwenye ukuta. Ukiboeka usirudishe nyuma, kurudisha nyuma kunakurudisha kwenye kutafuta stori. Fanya moja kati ya haya: acha kusoma sabtaito kwa dakika 5, zifunike hata kwa kipande cha karatasi, sikiliza sauti za watu tu. Mswahili unayo faida hapa ambayo Mzungu hana, kuna maneno yatakuja kwa lugha yako bila kutegemea, na kama unajua Kiha basi Kirundi kinakuingia chenyewe, utashtuka unavyoelewa. Au mchague mtu mmoja asiye mhusika mkuu, yule anayekaa pembeni ya picha, umfuate yeye tu. Au pumzika mara moja, kunywa maji, ila usishike simu na usizungumzie filamu, ukirudi uendelee palepale.

Kuna wanaosema sabtaito ni lazima muda wote. Mimi nasema raundi ya kwanza zisome ila zisikutawale, mashairi ya humu ndani hata ukiyasoma vizuri hayakupi stori, yanakupa hali.

Mwisho wake sisemi. Ila usiondoke majina yakianza kupanda, kaa na sauti mpaka iishe.

Hatua ya 6: baada ya filamu

Dakika 5 za kwanza kimya. Alafu kila mmoja asome maneno yake kwenye karatasi kwa sauti, bila kueleza. Utashangaa yanavyofanana na yanavyotofautiana, mmoja kaandika maji na mwingine hajayaona kabisa maji. Baada ya hapo ulizaneni swali moja moja, picha gani umebaki nayo, wapi ulishtuka, wapi ulijisikia vibaya. Swali la maana yake nini liwe la mwisho kabisa na siyo lazima lijibiwe usiku ule.

Mtu akija na nadharia, mpime hivi: aoneshe matukio matatu ndani ya filamu yanayoishika. Akiwa na moja tu hiyo ni bahati. Akiwa na matatu msikilizeni vizuri, hata kama hamkubaliani. Na watu wawili wanaweza kuwa na nadharia mbili zinazopingana na zote zikashikwa na matukio matatu, hilo kwenye filamu za namna hii ni kawaida na hakuna haja ya kugombana.

Na ukikuta haujaipenda, sema haujaipenda na useme wapi. Mimi mwenyewe naona kuna nyimbo kule katikati zingefupishwa na filamu isingepungukiwa. Filamu kuitwa ya kisanii haimaanishi kila dakika yake ni dhahabu.

Hatua ya 7: mara ya pili

Ipe wiki kadhaa. Mara ya pili ndo stori inajileta, utaona vitu vilivyokua vimekaa wazi tangu dakika za mwanzo, sauti ya Neptune inayosimulia ilikua inakuambia mengi tu. Safari hii chagua uzi mmoja kabla hujaanza, koltani peke yake, au Neptune peke yake, au lugha, nani anatumia lugha gani akiwa na hasira na ipi akibembeleza. Lugha ndo uzi ninaoupenda mimi, na ukiweza iangalie na Mrundi au Mnyarwanda, mwambie asikutafsirie, ila akicheka mahali ambapo sabtaito haijachekesha, simamisha hapo umuulize kasikia nini.

Baada ya hapo ndo tafuta mahojiano ya Uzeyman na Williams usome, maana sasa una maswali yako. Na tafuta muziki, kazi hii yote ni sehemu ya mradi mkubwa wa Williams ambao ulishatoa albamu inaitwa MartyrLoserKing mwaka 2016, isikilize ukiwa unapika au unafua, utakuta sehemu za filamu zinajipanga zenyewe kichwani bila wewe kuzilazimisha.